Uzi Mmoja: Hitaji, Maagizo na Jaribio

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio. Somo la Sita. Maneno ya mwalimu kama yalivyosomwa, pamoja na maswali ya vikundi.

Natumaini kila kikundi kimekwisha chagua mwandishi wake, na kwamba mwandishi ameketi tayari na daftari.

Katika somo lililopita tulieleza kwamba programu ya kompyuta ni orodha ya maagizo. Mafundi wengine huyaita maagizo hayo kodi, lakini tusiyachanganye na kodi tunayolipa serikalini. Sisi tutasema maagizo. Tulisema pia kwamba kompyuta haina akili ya kukisia. Hufanya yale iliyoagizwa, haiongezi wala haipunguzi.

Basi leo tuna swali moja. Nani huhakikisha kwamba maagizo yaliyoandikwa na fundi ndiyo hasa yale ambayo watu waliyahitaji? Msidhani kwamba swali hili ni la mafundi peke yao. Siku hizi ukilipia maji, ukipokea pesa kwa simu, au ukipimiwa mazao yako, aghalabu pana programu katikati. Programu ikikosea, anayepunjwa ni wewe. Ukilalamika, karani atakuambia, "Mashine ndivyo inavyosema." Naye karani hasemi uongo, mashine ndivyo inavyosema kweli.

MAMBO MATATU

Katika kazi ya kuunda programu kuna mambo matatu ambayo hayana budi kufungwa pamoja. La kwanza ni hitaji, yaani jambo ambalo mtu anataka programu imfanyie, na sababu yake. La pili ni maagizo, yaani maandishi ya fundi ambayo kompyuta huyafuata. La tatu ni jaribio, yaani njia ya kuonyesha wazi kwamba maagizo yanatimiza hitaji.

Mwajua jinsi tunavyolipa malipo ya serikali hapa Tanzania. Kwanza hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Namba ile huandikwa kwenye ankara, nawe huitaja unapolipa, na risiti ikija, namba ni ileile. Ukiulizwa baada ya miezi mitatu, "Pesa hii ilikuwa ya nini?", namba hukurudisha mpaka kwenye ankara. Ankara, malipo na risiti vimefungwa kwa uzi mmoja. Fundi mwema wa programu hufanya vivyo hivyo. Hitaji hupewa namba, maagizo yanayolitimiza hubeba namba ileile, na jaribio lake nalo hubeba namba ileile.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na haki ya mtu ndani ya programu, isipoandikwa mahali na kufuatwa, hupotea bila habari vilevile.

TWENDE KWENYE MIZANI

Na tuchukue mfano. Tuseme kwamba wakulima wa chai wanaokaa Bulyaga na vijiji vya jirani wana chama chao, na chama kimeamua kuacha daftari la karatasi na kupima majani mabichi kwa mizani iliyounganishwa na programu. Chama hiki nimekibuni ili tujifunze. Lakini majani mabichi mwayajua, mvua ya Rungwe mwaijua, na foleni ya jioni kwenye banda la kupimia mwaijua vizuri kuliko mimi.

Zamani fundi angekuja mara moja, akauliza maswali yake, akaandika kitabu kinene cha mahitaji, akaondoka. Angerudi baada ya mwaka na programu nzima. Kama alikosea kusikia neno moja siku ya kwanza, kosa hilo lingejulikana siku ya mwisho, wakati fedha zimekwisha.

Mwezi wa Februari mwaka 2001 mafundi 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi juu ya njia nyingine ya kufanya kazi. Njia hiyo huitwa ajaili, na maana yake ni wepesi wa kugeuka. Fundi hufanya kazi kwa vipande vidogo, pengine vya majuma mawili mawili. Kila kipande kikiisha, watu wenye shida huitwa waone, waseme, nao fundi hugeuka kwa kadiri ya maneno yao.

Hapa wengi huteleza. Tamko lile lilisema kwamba programu inayofanya kazi ina thamani kuliko lundo la maandishi. Halikusema kwamba maandishi hayana thamani. Kuna mafundi waliofurahi kupita kiasi, wakaacha kuandika hata lile la lazima. Lakini anayegeuka mara nyingi ndiye anayehitaji uzi zaidi, kama vile mtu anayepita njia yenye kona nyingi ndiye anayehitaji kuweka alama.

KADI, MAZUNGUMZO, UTHIBITISHO

Fundi mmoja aitwaye Ron Jeffries alilieleza jambo hili kwa maneno matatu: kadi, mazungumzo, uthibitisho. Tuyatazame kwa zamu.

Kwanza kadi. Fundi wetu anaketi na wakulima pale bandani. Mama mmoja anasema, nao wanaandika kwenye kadi ndogo: "Mimi mkulima nataka kilo za majani yangu ziandikwe kamili, bila uzito wa kreti, ili nilipwe haki yangu." Kadi hii inapewa namba 1. Tazameni kwamba ina mambo matatu: ni nani anayehitaji, anahitaji nini, na kwa sababu gani. Sababu isiachwe. Mwenye kujua sababu ataweza kukisia vema pale ambapo kadi haikusema.

Pili mazungumzo. Kadi ni fupi mno, haitoshi. Fundi anauliza, "Kreti tupu lina kilo ngapi?" Karani anajibu, "Kilo 2." Mzee mmoja anauliza, "Na sehemu ya kilo je? Mashine ikisoma 24 na zaidi kidogo, hicho kidogo kinakwenda wapi?" Swali zuri sana hilo. Fundi huenda angekata sehemu ile bila kuwaza. Mkulima anayepoteza nusu kilo kila siku kwa siku 20 amepoteza kilo 10. Wanakubaliana kwamba hata sehemu ya kumi ya kilo iandikwe. Mama yule anaongeza, "Na jumla ya mwezi ilingane na stakabadhi nilizopewa kila siku."

Tatu uthibitisho, na huo ndio jaribio. Kabla fundi hajaondoka, wanaandika nyuma ya kadi kwa maneno yanayoeleweka na kila mtu:

Jaribio 1-A. Ikiwa mizani inasoma kilo 26.7 na kreti ni kilo 2, mkulima aandikiwe kilo 24.7.

Jaribio 1-B. Ikiwa mizani inasoma kilo 2, yaani kreti tupu, mkulima aandikiwe 0.

Jaribio 1-C. Ikiwa mizani inasoma kilo 1.4, yaani chini ya uzito wa kreti, programu ikatae, imwambie karani apime tena.

Jaribio 1-D. Jumla ya orodha ya malipo ya mwezi iwe sawa na jumla ya stakabadhi za kila siku.

Mmeona? Hakuna hata neno moja la kompyuta pale. Mkulima asiyejua kompyuta ameshiriki kuandika jaribio, na jaribio lake litamwongoza fundi.

Pengine mtu atauliza, "Mwalimu, utajaribuje kitu ambacho hakijatengenezwa?" Jibu ni hili. Seremala huupima mlango kabla hajakata mbao. Kipimo hutangulia. Fundi naye huyaandika majaribio yale kwa lugha ya kompyuta, kisha huyaendesha kabla hajaandika maagizo. Bila shaka yatashindwa, na hilo ndilo analotaka kuliona. Jaribio linalosema "sawa" hata pale ambapo hapana kitu ni kama mizani inayosoma kilo 10 ikiwa tupu. Ndipo anapoandika maagizo kidogo kidogo, mpaka majaribio yote yapite. Mmarekani Kent Beck ni miongoni mwa walioeneza desturi hii tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita.

Mafundi wana daftari la mabadiliko ndani ya kompyuta yenyewe. Moja linalotumika sana huitwa Git, nalo lilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila mara fundi anapoingiza maagizo mapya, huandika humo maneno machache: nimefanya hivi, kwa ajili ya kadi 1. Kuandika hivyo ni kazi ya dakika moja, na faida yake mtaiona sasa hivi.

Ninyi wenye karatasi, tazameni jinsi daftari la uzi linavyokuwa:

Kadi 1: Kilo kamili bila kreti. Maagizo: mahali pawili, yaani pale mizani inaposomwa, na katika orodha ya malipo ya mwezi. Majaribio: A, B, C, D. Yote yamepita.

Kadi 2: Mkulima apate ujumbe wa simu siku ileile. Maagizo: yapo. Majaribio: mawili. Moja limepita, moja limeshindwa.

Kadi 3: Mkulima aweze kubadilisha namba yake ya simu. Maagizo: bado. Majaribio: bado.

Mwenyekiti wa chama akilitazama daftari hili, anajua kazi imefika wapi bila kudanganywa. Kadi isiyo na jaribio haijakwisha, hata fundi aseme nini.

HITAJI LINAPOBADILIKA

Miezi mitatu inapita. Chama kinaacha kreti, kinanunua magunia ya wavu, ambayo ni mepesi. Gunia moja ni nusu kilo. Hitaji limebadilika.

Tuseme fundi wa kwanza amekwisha hama, na fundi mpya hakuachiwa uzi wowote. Anafungua maagizo, anatafuta mahali penye kilo 2, anapaona pale mizani inaposomwa, anaweka nusu kilo. Anafurahi na kwenda zake. Lakini mlisikia kwamba mahali ni pawili. Katika orodha ya malipo ya mwezi, programu bado inatoa kilo 2.

Sasa mama yetu analeta majani yake. Mizani inasoma 25.2. Stakabadhi inasema 24.7, naye anashukuru. Mwisho wa mwezi anaandikiwa malipo ya kilo 23.2 kwa siku ile. Amepunguziwa kilo 1 na nusu. Akipima mara 20 katika mwezi, amepoteza kilo 30. Anakwenda kwa karani na stakabadhi zake mkononi. Karani anaapa kwamba hakugusa kitu. Maneno yanakuwa makali, majirani wanagawanyika, watu wanasema karani ni mwizi. Wala hakuna mwizi. Kuna uzi uliokatika.

Tazameni sasa fundi aliyeachiwa uzi. Anaanza kwenye kadi 1, si kwenye maagizo. Anawauliza wakulima, kisha anabadilisha majaribio kwanza: A inakuwa 25.2 kutoa nusu kilo, jawabu 24.7, B na C nazo zinarekebishwa. Halafu anauliza daftari la mabadiliko, "Nionyeshe kila mahali palipoandikwa kwa ajili ya kadi 1." Daftari linamwonyesha mahali pawili, naye anarekebisha pote. Na hata kama angesahau pamoja, jaribio D lingeshindwa siku ileile, maana jumla ya mwezi isingelingana na stakabadhi. Kosa lingejulikana mezani kwa fundi, kabla halijafika kwenye mfuko wa mama.

Kwa hiyo ni desturi njema kuyaendesha majaribio yote ya zamani kila mara maagizo yanapoguswa, hata kwa jambo dogo. Mashine huyafanya yenyewe kwa muda mfupi, usiku na mchana, bila kuchoka.

UZI UKIKATIKA

Msidhani kwamba mambo haya huwapata wadogo tu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, huko Guyana ya Ufaransa. Dakika moja haikutimia, ikapinda na kulipuka. Walipochunguza waliona kwamba sehemu moja ya programu yake ilichukuliwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4. Ndani yake kulikuwa na maagizo yaliyoendelea kufanya kazi baada ya kuruka, ingawa katika roketi mpya kazi hiyo haikuwa na haja tena. Mwendo wa roketi mpya ulikuwa mkubwa zaidi, tarakimu ikazidi nafasi iliyotengewa, programu ikasimama. Tena haikuwa imejaribiwa kwa njia ya kuruka ya Ariane 5 yenyewe. Basi tunaona maagizo yasiyokuwa na hitaji nyuma yake, wala jaribio mbele yake.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1999. Wamarekani walipoteza chombo chao kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi. Maandishi ya mahitaji yalitaka nguvu za mitambo yake zitajwe kwa kipimo cha newtoni. Programu moja ya hapa duniani ilizitaja kwa kipimo cha ratili. Hitaji lilikuwa limeandikwa, lakini halikufungwa kwa jaribio lililolinganisha maandishi na tarakimu zilizotoka. Mzee aliyewahi kuuza kahawa kwa ratili na kununua sukari kwa kilo angewaonya bure.

JARIBIO LA WATU

Limebaki jambo moja, na ni kubwa. Majaribio tuliyoyataja huuliza: je, maagizo yanatimiza kadi? Lakini nani ataiuliza kadi yenyewe kama imesema kweli?

Jibu lake tunalipata kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Oktoba 2005 kampuni ya Safaricom, pamoja na Vodafone ya Uingereza, ilianza kujaribu huduma ya M-Pesa. Walioiongoza kazi hiyo kwa upande wa Vodafone ni Nick Hughes na Susie Lonie. Hitaji lililoandikwa mwanzoni lilihusu mikopo midogo: wateja wa taasisi ya Faulu Kenya wapokee mikopo na kuirudisha kwa simu, wasilazimike kubeba fedha mkononi. Walijaribu na watu wachache, hata 500 hawakufika.

Programu ilifanya ilivyoagizwa. Lakini wateja walifanya zaidi ya kulipa mikopo. Walitumiana pesa wao kwa wao, na wengine walizituma kwa watu wao waliokuwa mbali. Kadi ya mikopo haikuwa uongo, lakini nyuma yake palikuwa na hitaji kubwa kuliko hilo. Wakuu wa kazi waliona, wakakubali kufundishwa. Huduma ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi 2007, kazi yake kuu ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 ikafika kwetu Tanzania kwa mkono wa Vodacom, na leo kijana aliye Dar es Salaam humtumia mama yake Tukuyu pesa kabla chai haijapoa.

Sisemi kwamba walifuata njia ya ajaili neno kwa neno. Nasema tu kwamba uzi wetu hauishii kwenye jaribio la mashine. Hurudi tena kwa watu, nao watu huandika kadi mpya. Uzi ni duara: hitaji, maagizo, jaribio, na tena hitaji.

NENO LA MWISHO

Ndugu msikilizaji, huenda hutaandika programu maisha yako yote. Lakini chama chako, shule ya watoto wako au zahanati yako inaweza kuletewa programu mwaka huu au mwakani. Siku hiyo usikae kimya ukidhani ni mambo ya wasomi. Muulize fundi maswali matatu. Hitaji letu umeliandika wapi? Ni maagizo gani yanayolitimiza? Ni jaribio gani linaloonyesha kwamba limetimia, nami naweza kuliona likifanyika? Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Fundi atakayekasirika, msimpe malipo ya mwisho kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Chagueni jambo moja ambalo kikundi chenu huandika kwenye daftari, kama michango, maziwa au mahudhurio. Andikeni kadi moja, mkitaja ni nani, anataka nini, na kwa sababu gani.

2. Nyuma ya kadi hiyo andikeni majaribio matatu. Moja liwe la siku ya kawaida, moja liwe la mwisho wa kiasi, kama kreti tupu, na moja liwe la jambo ambalo programu yapasa ilikatae.

3. Mama wa mfano wetu alipunguziwa kilo 30 bila mwizi. Je, nani alikuwa na wajibu wa kulizuia kosa hilo: fundi, karani, chama, au wote? Toeni sababu.

4. Je, mmewahi kuambiwa, "Mashine ndivyo inavyosema"? Siku hiyo mngependa kuwa mmeuliza swali gani?

Mwandishi aandike majibu kwenye daftari la kikundi na kuyasoma mwanzoni mwa mkutano ujao. Katika somo la saba tutazungumza juu ya kutunza siri za watu ndani ya kompyuta.